Herufi ya Miguu Sita

Maiti ya Muasya ilionekana siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi 1996, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mjini Thika, katika chumba cha kuchapia kilichokuwa juu ya duka la nguo. Aliyeiona ni Mbithe, mama mwenye wajukuu sita, aliyekuwa akifagia ngazi za jengo lile na kuuza chai na mandazi pale chini. Alipanda na birika kama ilivyokuwa desturi yake. Akagonga, kimya. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Akachungulia kwenye pembe iliyovunjika ya kioo cha mlango, akaona kiatu, na ndani ya kiatu mguu. Chai yote ilimwagika kwenye ngazi.

Inspekta Nafuna alifika saa mbili kasoro dakika kumi. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu wa Bungoma, na haraka haikuwa yake. Alisimama mlangoni kwanza, akaandika alichokiona kabla ya kukigusa. Muasya alilala kwa ubavu kando ya meza. Alikuwa amepigwa kisogoni kwa mkono wa chuma wa mashine ya kukatia karatasi, na mkono wenyewe ulikuwa sakafuni, una damu na nywele. Mezani kulikuwa na kompyuta moja, printa moja, kalamu ya nibu, kichupa cha wino mweusi kilichofungwa barabara, na muhuri wa mpira, ule wa tarehe za kuzungusha. Nafuna alijaribu muhuri kwenye daftari lake. Ukasema tarehe nane Machi.

"Leo ni kumi na mbili," alisema peke yake, akaandika na hilo.

Mlango ulikuwa na funguo mbili. Mmoja, wenye uzi mwekundu, ulikuwa wa Muasya, na haukuwa mfukoni mwake wala mahali popote chumbani. Wa pili ulikuwa wa Sele, mshirika wake, kijana wa Kiislamu wa pale Thika. Ndiye aliyewafungulia polisi.

"Jana uliondoka hapa saa ngapi?" Nafuna alimuuliza.

"Saa tisa, madam. Nilikuwa napeleka kadi za harusi Ngoingwa."

"Ukarudi?"

"Sikurudi. Nilikuwa na hasira. Nilitembea tu mpaka jua likazama."

"Nani alikuona ukitembea?"

Sele aliangalia chini. "Watu wengi wameniona, lakini hakuna anayenijua."

"Hasira ya nini?"

"Ya kompyuta, madam. Ni moja, na sisi ni wawili. Mimi nachapa kadi na programu za mazishi, hizo ndizo zinatulisha. Yeye anakaa siku nzima na Kirusi chake."

Muasya alikuwa amesomea uinjinia huko Urusi miaka saba. Aliporudi hakupata kazi ya uinjinia, basi akawa anawatafsiria watu waliosoma huko vyeti vyao. Ofisi za Nairobi zilitaka maneno ya Kirusi yachapwe upya, safi, kisha tafsiri ya Kiingereza iambatanishwe. Mashine yenye herufi za Kirusi haikuwako Thika nzima. Ila Muasya alikuwa na disketi, kile kibamba cha plastiki cha kuwekea kazi ya kompyuta, na ndani yake mwanafunzi mwenzake alikuwa amemwekea herufi hizo.

Nafuna aliomba kompyuta iwashwe, aone kazi ya mwisho ilifanywa saa ngapi. Sele alitikisa kichwa.

"Betri ya saa yake ilikufa zamani. Kila kitu humo kimeandikwa Januari 1980."

"Na huu muhuri? Mbona uko nyuma siku nne?"

"Hapana, haiwezekani." Sele alisogea, akautazama kama mtu anayeona nyoka kitandani. "Muasya alikuwa anazungusha tarehe hata kabla ya kufungua dirisha. Tulikuwa tunamcheka. Ona hii." Akavuta kwenye trei nakala ya cheti cha ndoa. Ilikuwa imegongwa tarehe kumi na moja. "Hii tulimaliza jana saa nne asubuhi."

Nafuna akaandika. Lakini mkubwa wake alipofika hakutaka kusikia habari za muhuri. Alimwita Mbithe.

"Mama, hawa wawili waligombana jana?"

"Waligombana."

"Huyu alisema nini?"

Mbithe alishika kitambaa chake cha kichwa. "Alisema, siku moja hii mashine itakuua."

"Wallahi, Mama Mbithe, ulikuwa mdomo tu!" Sele alilia.

"Nimeulizwa, mwanangu. Mimi nimeulizwa tu."

Pingu zikaingia. Mkubwa akasema Alhamisi saa tatu asubuhi Sele apelekwe kortini kwa kosa la mauaji, na kesi ya mauaji mwisho wake kila mtu anaujua. Jioni Fatu, mkewe Sele, alikuja kituoni na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Hakupiga kelele. Alimpa Nafuna sweta ya mumewe iliyokunjwa vizuri.

"Cell ni baridi, madam. Mwambie nimekuja."

"Nitamwambia."

"Umeamini ni yeye?"

Nafuna alipokea sweta.

Alikuwa amebakiwa na Jumatano peke yake. Alianza na Njau, mwenye jengo, ambaye alikuwa ametaka chumba kile kwa miezi mingi ili mpwa wake afungue saluni. Njau alikuwa Ngoliba tangu Jumatatu saa nane mchana kwenye mkutano wa matanga, na watu arobaini walimwona akibishana juu ya bei ya jeneza. Huyo akatoka. Daktari wa polisi naye akasema Muasya alikufa kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni.

Likabaki daftari la wateja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jina moja ambalo kazi yake haikukatwa kwa mstari: Gichuru, kliniki, Ruiru, cheti.

Alifika Ruiru saa nne na nusu. Wagonjwa walijaa kwenye benchi mpaka nje, akina mama na watoto wenye homa. Gichuru alikuwa mtu mnene, koti jeupe limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Kwenye ukuta nyuma yake palining'inia karatasi mbili ndani ya fremu mpya: moja ya Kirusi, imegongwa muhuri wa Muasya, na nyingine ya Kiingereza iliyosema mwenye cheti amehitimu udaktari wa binadamu.

"Pole sana kwa Muasya," Gichuru alisema. "Mtu mpole. Nimesikia ni yule kijana wake. Hawa vijana!"

"Hizi alikutengenezea yeye?"

"Ndio. Nilichukua Ijumaa, tarehe nane. Si muhuri unauona? Nakala nyingine nimepeleka ofisi ya leseni Nairobi kwa mkono wangu jana, maana walinipa mpaka tarehe kumi na tano."

"Na Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Thika sijafika tangu hiyo Ijumaa."

Nafuna alikaribia fremu. Kirusi kwake kilikuwa kama alama za ndege kwenye matope. Lakini jicho lake lilivutwa na herufi moja iliyorudi mara nyingi, kama mdudu aliyelazwa chali, miguu mitatu huku, mitatu huku. Ilikuwa nyeusi na safi, sawa na ndugu zake wote kwenye mstari.

"Unajaribu kusoma, afande?" Gichuru alicheka. "Hata mimi ilinichukua mwaka mzima."

"Siwezi hata moja," alisema Nafuna. "Asante, daktari."

Saa saba alikuwa amerudi Thika, njaa imemshika. Alinunua mandazi mawili kwa Mbithe. Mbithe hakumwangalia usoni. Alimfungia mandazi kwenye karatasi iliyoharibika ya ofisi ile, kama alivyofanya miaka yote, maana Muasya alikuwa akimwekea karatasi zote alizokosea.

Nafuna aliuma andazi, akatazama karatasi. Ilikuwa ya Kirusi, na ndani ya maneno kulikuwa na nafasi tupu, hapa moja, pale moja, kama mdomo uliong'oka meno.

"Mama, hizi nafasi ni za nini?"

"Si ni za vidudu vyake."

"Vidudu gani?"

Mbithe alichora mezani kwa kidole chake chenye mafuta: mstari wa kati, miguu mitatu huku, mitatu huku. "Disketi yake haikuwa na hiyo. Ilikuwa na zote isipokuwa hiyo. Basi alikuwa anaacha nafasi, akishatoa karatasi anachukua ile kalamu ya nibu anajaza kwa mkono, moja moja. Nilikuwa nikimletea chai namkuta ameinama. Namwambia, wewe nawe, utapofuka kwa sababu ya kidudu!"

Nafuna aliweka andazi chini. "Una karatasi nyingine?"

Mbithe akatoa rundo zima kutoka chini ya meza. Nyingine zilikuwa na nafasi tupu. Nyingine zilijazwa kwa wino wa mkono, mstari umenenepa kidogo, mguu mmoja umezidi mwingine, mtu yeyote angeona. Hakuna hata moja ambayo mdudu wake alikuwa amechapwa na mashine.

Isipokuwa ile ya chini kabisa. Hiyo Mbithe hakuitumia kufungia. Aliifungua taratibu. Ukurasa wote ulijaa wadudu, mamia kwa mamia, weusi, safi, wamepangwa kwa mistari.

"Hii ameniachia Jumatatu. Nilipanda kuchukua karatasi saa kumi na moja kasoro kidogo. Alikuwa na furaha, aii, kama mtoto. Akaniambia, Mama, kalamu yangu imestaafu leo. Rafiki yangu wa Moscow ameniletea disketi nzima. Nikaona ni nzuri, nikaiweka."

"Jumatatu? Mbona hukusema jana?"

"Mliniuliza wamegombana. Hamkuniuliza amefurahi."

Nafuna alikimbia, yeye asiyependa haraka, mpaka posta. Kwenye kitabu cha vifurushi palikuwa na sahihi ya Muasya: kifurushi kutoka Moscow, Jumatatu tarehe kumi na moja Machi, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Kabla ya saa hiyo, Thika nzima haikuwa na mashine ya kuchapa mdudu yule.

Saa kumi na nusu aliingia tena kliniki ya Ruiru akiwa na askari wawili na rundo la karatasi za mandazi. Gichuru alikuwa akimchoma sindano mtoto.

"Maliza kwanza," Nafuna alisema. Akangoja mpaka mama na mtoto walipotoka. Kisha akashusha fremu ukutani.

"Afande, hiyo ni mali yangu!"

"Ulisema ulichukua Ijumaa."

"Muhuri unasema Ijumaa. Ama hujui kusoma hata tarehe?"

"Tarehe nasoma. Muasya aliuzungusha muhuri Jumatatu asubuhi, na kazi aliyogonga siku hiyo ninayo. Jumanne tumeukuta umerudi Ijumaa. Muhuri hauna miguu, daktari. Nani aliurudisha?"

"Muulize huyo kijana."

"Sele angerudisha tarehe ili imfae nini? Cheti si chake." Akatandika karatasi mezani, zina madoa ya mafuta. "Hizi ni za kabla ya Jumatatu. Tazama. Kila palipo na mdudu huyu pana shimo, au pana wino wa mkono. Disketi yenye mdudu mzima imetoka posta Jumatatu saa tisa na dakika arobaini. Na yako hii." Akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa, hapa, na hapa. Wote wamechapwa. Karatasi hii haikuwa duniani hiyo Ijumaa."

Gichuru aliinama juu ya kioo. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu.

"Huwezi kuisoma," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Hakuna mtu hapa anayeweza."

"Ndiyo sababu ukaiacha ilivyo, ukabadilisha ya Kiingereza peke yake. Wewe unaijua inasema nini. Niambie."

Nje mtoto mwingine alikohoa.

Askari mmoja alikuwa akipekua kabati. Ndani ya mkebe wa pamba akatoa ufunguo uliofungwa kwa uzi mwekundu, ule aliotumia Muasya. Gichuru aliuona, akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa.

"Ni tiba ya wanyama," alisema. "Miaka miwili. Ng'ombe na nguruwe. Nilimwambia, weka tu binadamu, neno moja, ni neno moja tu! Ningempa chochote. Alikuwa anacheka na kompyuta yake, ananionyesha hiyo herufi. Akasema, unaona Gichuru, hii ndiyo inaanza neno lenyewe, wanyama, na leo nimeichapa vizuri. Kisha akaniuliza juu ya Njambi."

"Njambi ni nani?"

"Mama mmoja wa Kalimoni. Alikuja kujifungua hapa mwezi wa kwanza, akafia mikononi mwangu. Muasya alisema kesho yake angeenda polisi. Akanigeuzia mgongo azime mashine."

"Na yule mtoto wa Njambi?"

Gichuru alitikisa kichwa.

Nafuna alimfunga pingu mwenyewe. Wakipita kwenye benchi, mama mmoja alisimama na mtoto wake anayewaka homa. "Daktari, na sisi je?"

Sele aliachiliwa Alhamisi saa mbili na robo asubuhi, akiwa amevaa sweta yake. Fatu alikuwa amekaa kwenye ngazi za kituo tangu alfajiri.

Disketi mpya ilibaki kwa polisi kuwa ushahidi. Kwa hiyo wiki iliyofuata, mwalimu mzee wa Kirusi alipoletwa kutoka Nairobi kumwandikia yule rafiki wa Moscow kwamba Muasya amekufa, barua ilichapwa kwa disketi ya zamani. Ilitoka na mashimo kumi na moja.

Mbithe alipanda na chai. Mandazi siku hiyo alikuwa ameyafungia kwenye gazeti. Alimkuta Sele ameinama mezani, kalamu ya nibu mkononi, akijaza wadudu kwa wino, mmoja mmoja.