Siku Kumi na Moja Kwenye Daftari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nereida alikuwa na kazi ambayo hakuna msichana mwingine wa darasa lake pale mjini Yauco aliyekuwa nayo. Alimpelekea dada yake Awilda kahawa ya maziwa, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumwuliza maumivu ya jana yalifika ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Jibu aliliandika kwenye daftari.

"Andika sita, karani," Awilda alimwambia siku moja. "Na kahawa umesahau sukari. Hilo nalo liandike."

Awilda alikuwa na miaka ishirini na minne na aliuza katika duka la mikate. Tangu avunje ungo, tumbo lilimsokota kila mwezi hadi akashindwa kusimama. Kwa miaka tisa mama yao, Bi Carmelina, alimwambia avumilie, kwamba hayo ni mambo ya kawaida ya wanawake. Hata madaktari wawili walisema hivyo hivyo. Alipofanyiwa upasuaji ndipo ikajulikana ana endometriosisi: nyama laini kama ile inayotanda ndani ya mji wa mimba ilikuwa imeota nje yake, mahali isipopaswa kuwa.

Mwaka ule alijiunga na utafiti mjini Ponce. Daktari Irizarry aliwaeleza kwamba jeni ni maagizo yaliyomo katika kila chembe ya mwili. Kwa wenye ugonjwa huu, baadhi ya jeni huenda zikafanya kazi kupita kiasi na nyingine zikanyamaza. Dalili za hali hiyo zikipatikana kwenye damu, huenda siku moja msichana akapimwa kwa sindano tu, bila kusubiri kisu. Kwa hiyo muuguzi alikuja nyumbani kumtoa Awilda damu mara kwa mara, na kila damu ililinganishwa na maumivu ya siku ile.

Mwezi Machi timu ya voliboli ya shule ilianza mazoezi ya alfajiri. Nereida, aliyekuwa mchezaji bora, hakutaka kukosa. Siku ya kwanza alijiambia atamwuliza dada yake jioni. Jioni akasahau. Siku zikafika kumi na moja. Asubuhi ya kwenda Ponce alijifungia bafuni, akajaza kwa kubahatisha: mbili, tatu, mbili, nne. Daktari akausifia mwandiko wake.

Waliporudi huko na mama yao mwezi Mei, daktari alikuwa na uso wa mashaka. Alisema kuna jeni moja waliyoitarajia sana. Kwenye damu ya Awilda ya tarehe kumi na nne Machi, ilikuwa ikifanya kazi kwa nguvu kuliko siku nyingine zote, ilhali daftari lilisema maumivu yalifika mbili tu. Kwa washiriki wengine wachache pia haikueleweka vizuri. Walikuwa wakifikiria kuiondoa kwenye orodha.

Awilda alikuna kichwa. Alisema siku zimemchanganyikia, lakini kama mdogo wake aliandika mbili, basi ni mbili.

Nereida alijua ile mbili ilitoka wapi. Aliogopa dada yake angefukuzwa kwenye utafiti. Hata hivyo, alisimama.

"Daktari, hiyo mbili niliitunga," alisema. "Siku kumi na moja nilizitunga. Dada hakujua."

 Awilda akageuza uso. Daktari Irizarry alichukua kalamu nyekundu, akamwomba Nereida aonyeshe siku moja moja, naye akazikata zote.

"Awilda ataendelea," alisema. "Pengo daftarini tunajua la kulifanya. Namba ya uongo inatupoteza na hatujui kwamba tumepotea. Hiyo jeni sasa tutaipima tena kwa wanawake wengi zaidi."

Njiani mama yao aliendesha gari, naye Awilda akaketi nyuma. Nereida alimwomba msamaha, akasema angemwambia kocha kwamba atachelewa mazoezini kila siku, hata akiwekwa benchi.

"Utawekwa benchi kweli," Awilda akajibu hatimaye. "Nitakuja kukuona umekaa."

Bi Carmelina aliegesha gari mbele ya nyumba, lakini hakuzima injini.

"Nereida, umekosea, na ulisimama ukasema mbele ya watu. Mimi sijawahi kusema," alianza, mikono ikiwa bado kwenye usukani. "Awilda alikuwa akilia, nami nikimwambia hana kitu. Miaka tisa, Awilda mwanangu, nilikuwa nakuandikia sifuri. Maumivu ya mtu, mwenyewe ndiye anayeyajua. Kazi yetu ni kumwuliza, na kuliamini jibu lake."

Awilda aliinama mbele kutoka kiti cha nyuma, akaweka kidevu chake begani kwa mama yake.

"Basi niulize, Mama," alisema.

Bi Carmelina akazima injini, akamwuliza.