Gusa Maji Kwanza

Wanaosema nimerukwa na akili waje waniambie usoni. Nyumba ni yangu na kambare ni wangu.

Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachimbua minyoo kwenye udongo wa mferejini, chakula cha kambare. Huyu si wa kitoweo. Ni kambare wa umeme: mnene, wa kijivu, vijicho kama punje za mtama. Anaishi sebuleni, katika tangi la kioo nililoliunga mwenyewe. Mimi ni fundi majokofu, sikufundishwa na mtu, na umeme nimeuonja sana. Lakini huyo akikupiga, mkono unakufa ganzi hadi begani.

Niliporudi ndani, mlango wa mbele ulikuwa wazi.

Dada yangu alikuwa mgonjwa. Tangu homa imshike nilimlaza sebuleni, nimwone. Kando ya kitanda chake alikaa mwanamke mtu mzima. Ananuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Hunijui, mwanangu? Mimi shangazi yako."

Shangazi nilimwona mara ya mwisho nikiwa mtoto. Nikamwamkia, "Shikamoo."

Hakuitikia.

"Nimekuja kumchukua mdogo wako. Hapa hatapona."

"Daktari anasema atapona."

"Mwenyewe ameshakubali. Muulize."

Dada alikuwa macho. Hapepesi...

Yule mama akainuka, akaliendea tangi, akakunja mkono wa gauni.

"Usiguse! Huyo ana umeme!"

Akautumbukiza hadi kiwikoni.

Kambare alijipinda. Maji yakatetemeka. Tetemeko lile nalijua: alikuwa anampiga kwa nguvu zake zote.

Yule mama anatabasamu.

"Maskini," alinong'ona. "Ananitekenya."

Niliogopa, sikatai. Ila mimi hofu ikinizidi hugeuka hasira.

"Umeniletea uongo nyumbani kwangu. Toka!"

"Siondoki mikono mitupu."

"Utaondoka nayo hivyo hivyo, ikichuruzika maji!"

Nikamzoa dada yangu kitandani. Mwepesi. Baridi. Nikauchovya mkono wake tangini, umeme umzindue.

Kambare katulia tu.

"Piga!" nilimfokea samaki. "Piga, mvivu wewe!"

Akapiga. Umeme ukatupitia sote wawili, tukaenda chini kama magunia.

"Kaka!" dada alipiga yowe. "Unataka kuniua, mwendawazimu wewe?"

Sijawahi kufurahia tusi kiasi kile.

Nilipoinua kichwa, yule mama hayupo. Harufu ilibaki.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka, dada anaomba uji. Nikampigia simu binamu yangu, mtoto wa shangazi.

"Mama?" alisema. "Ametoka leo alfajiri, anakuja kumwona mgonjwa. Hajafika?"

Jioni hii hodi imepigwa. Sura ni ile ile. Safari hii ana mzigo kichwani, jasho, na midomo iliyokauka kwa vumbi. Nilikuwa nimeshamhamishia kambare kwenye beseni. Nikalisogeza kizingitini.

"Shikamoo, shangazi. Gusa maji kwanza."

"Marahaba. Maji gani tena?"

"Ya kambare wa umeme."

"Una wazimu? Nimeshinda njiani kwa ajili ya mgonjwa, unanikaribisha kwa shoti?"

"Gusa."

"Sigusi!"

Nikafunga mlango.

"Kaka," dada ananong'ona kitandani, "ameitikia salamu. Mfungulie. Mtu gani mwenye akili zake atatia mkono humo? Hata wewe usingetia."

Ana hoja. Aliye hai anauogopa umeme. Lakini asiyetaka kujulikana naye anaweza kujifunza kuogopa, na kuitikia salamu pia.

Huko nje analia. Anamtaja marehemu baba kwa jina la utani la nyumbani. Labda ni shangazi kweli. Kama nimemkosea, nitamwomba radhi mchana kweupe, kwa magoti, mbele ya ukoo mzima, wanizomee watakavyo.

Hodi inapigwa tena. Ipigwe.

Maana nikifungua halafu ikawa siye, radhi nitamwomba nani?