Pembe za Stoo ya Ebenezeri

Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma cha kilabu cha mbege, pombe ya ndizi, mtaa wa Soweto. Leonce alichora kwa mkaa juu ya meza ramani ya duka la sanaa la Ebenezeri: mlango wa mbele, ukumbi wa picha, stoo.

"Watalii wanaingia saa nne," alisema. "Wanakodolea macho mlima uliochorwa, na mlima wenyewe uko dirishani. Mabwege. Saa sita na nusu wanarudi hotelini kula. Ebenezeri anapanda kwake Machame. Anabaki nani?"

"Mama Mektrida, muuzaji wake," Sirili akajibu. "Peke yake."

Sirili alikuwa amechonga vinyago katika duka lile la sanaa kwa miaka minne, hadi Ebenezeri alipomfukuza. Yeye ndiye aliyejua kwamba ndani ya stoo, nyuma ya vinyago, zililala pembe sita za ndovu. Mali haramu. Ebenezeri asingethubutu kwenda polisi.

"Huyo mama asiguswe," Sirili akasema.

Leonce akacheka kwa pua. "Mchonga magogo ananipa amri! Vaa soksi usoni, funga domo. Digna, usukani ni wako."

Digna, mwanamke wa Leonce, alikuwa anapaka kucha rangi. Hakuinua uso. "Na damu isiingie kwenye gari langu."

Saa saba kasoro dakika ishirini.

Leonce aliingia dukani amevaa kaunda suti iliyonyooshwa vizuri, mikono nyuma, kama mteja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tumefunga hadi saa nane."

"Nitatazama kidogo tu." Alisimama mbele ya picha ya pundamilia. "Hii takataka inanunuliwa?"

"Wanaonunua wanajua thamani yake."

Akageuka na bastola mkononi. "Ufunguo wa stoo."

"Sina."

Akampiga kwa kitako cha bastola. Mama Mektrida alianguka kati ya vinyago, damu ikimtoka juu ya jicho. Leonce akachomoa ufunguo kwenye pindo la khanga yake, akamfunga miguu kwa kamba, akapiga mluzi.

Sirili akaingia na soksi usoni. Alipoiona damu alisita.

"Beba!" Leonce akafoka.

Saa saba kasoro dakika kumi.

Pembe mbili zilikuwa tayari ndani ya Pijo, gari la Digna. Sirili alipokuwa anarudi kuchukua ya tatu, mama yule alimtazama mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kiliishia katikati. Tezo ya kuchongea ilikikata humo humo dukani, na yeye Mektrida ndiye aliyekifunga kitambaa.

"Sirili?" akasema polepole. "Sirili wa Kibosho?"

Leonce alichungulia kutoka stoo.

"Kakujua," alisema. "Basi. Tukimaliza kubeba, namaliza na yeye."

"Ulisema hataguswa."

"Wewe ulisema. Mimi nilicheka." Akampa kisogo, akainama kuvuta pembe chini ya magunia.

Mlango wa stoo ulikuwa wa chuma, komeo nje. Sirili aliusukuma kwa bega. Komeo likaingia.

Kwanza yalikuja matusi. Kisha risasi, tatu, zikigonga chuma na kurudi humo humo ndani. Leonce akapiga ukelele.

Nje, injini iliunguruma. Sirili alikimbilia mlango wa mbele. Digna alimwona, akamtazama kama mtu anavyotazama mbwa aliyelala barabarani, akatia gia. Pijo ikakata kona kuelekea Himo na pembe mbili nyuma.

Sirili akarudi ndani. Akavua soksi, akapiga magoti, akafungua kamba miguuni mwa Mama Mektrida.

"Mama, nisamehe. Nimekuokoa."

Mama alisimama kwa kushika ukuta. Alijipangusa damu kwa ncha ya khanga. Ndani ya stoo Leonce alikuwa analia sasa, anaita jina la Digna.

"Nani aliyewaonyesha njia ya stoo?" mama akauliza.

Sirili akaikunja kamba mkononi.

"Uliniletea muuaji, halafu unataka nikushukuru kwa kumfungia mlango."

Akaenda hadi mezani, akanyanyua simu, akaomba aunganishwe na polisi.

"Njooni dukani kwa Ebenezeri," alisema. "Majambazi wawili. Mmoja yuko stoo, ameumia." Akamtazama Sirili, ambaye bado alikuwa amepiga magoti. "Mwingine yuko hapa mbele yangu. Huyu hana pa kwenda."