Mwache Asome Mwenyewe

Mimi ni msusi. Kazi yangu inataka subira, na subira yangu yote huishia kwenye vichwa vya watu. Nikifika nyumbani sina iliyobaki. Kwa hiyo mkinisikia napandisha sauti katika hadithi hii, mnisamehe. Au msinisamehe, shauri yenu. Nilikuwa na haki.

Ninaishi nyumba moja na mdogo wangu. Yeye, mume wake na watoto wao wawili wana vyumba viwili. Mimi nina kimoja. Jioni tunakula pamoja sebuleni kwao. Mdogo wangu anapiga pasi kwenye duka la dobi. Anasimama kutwa nzima. Akirudi miguu imevimba, lakini anapika, anaogesha watoto, na bado anatabasamu. Ningekuwa mimi, mtaa mzima ungejua nimechoka.

Mume wake ni fundi wa mafriji. Ni mtu mwema, nalisema hilo mapema kabla sijamsema vibaya. Ila ana ugonjwa mmoja. Kila anachokiona, lazima atafute kilichoharibika. Ukimpa chai, anakagua kikombe kama kina ufa. Mlango ukilia, anainuka katikati ya maongezi kwenda kuutia mafuta.

"Shemeji, wewe hata ukifika peponi utaanza na bawaba za mlango," nilimwambia siku moja.

"Sasa mtu akae milele na mlango unaolia?" alinijibu. Hakuwa anatania.

Mdogo wangu hakupata kusoma. Alitolewa shule angali mdogo ili amuuguze bibi yetu. Mwaka huu alijiandikisha katika darasa la watu wazima. Hakusukumwa na mtu. Siku alipojua kuandika jina lake, aliliandika kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Nilikataza mtu yeyote kulifuta.

Shemeji naye alifurahi. Furaha yake ndiyo iliyotuponza.

"Mama watoto," alisema, "kila jioni tukimaliza kula utatusomea. Mimi nitakurekebisha. Utaona, utawapita wenzako wote."

Na alimpa nini asome? Kijitabu cha maelekezo ya friji. Kweli kabisa. Mtu amejifunza herufi juzi, leo anasomeshwa habari za kidhibiti joto.

"Kina maneno magumu," shemeji alisema. "Ukiyaweza haya, hakuna kitakachokushinda."

Basi tukawa tunakaa mezani, na shemeji ameshika kijiko. Mdogo wangu akikosea, kijiko kinagonga meza.

"Usi-we-ke fri-ji ka-ka-"

Ngo. "Karibu. Rudia."

"Karibu na ji-"

Ngo. "Jiko. Usikatekate maneno. Soma kwa mkupuo."

Akimaliza ukurasa, anaulizwa maswali. Kwa nini friji lisiwekwe karibu na jiko? Taja sababu. Jasho linamtoka. Na aliposoma mstari mzima bila kosa, je? Kimya. Hakusifiwa, hakuambiwa hata ahsante. Nilikuwa nakaa pale nauma meno mpaka taya zinaniuma.

Jioni moja, kabla shemeji hajagonga, mtoto mdogo alichukua kijiko chake akagonga yeye. Ngo. "Rudia, mama," alisema, kwa sauti ya baba yake. Mkubwa akacheka. Shemeji naye akacheka kidogo. Aliona ni mchezo wa mtoto.

Mdogo wangu alifunga kijitabu. Alikusanya vyombo akaenda kuviosha.

Tangu hapo hakwenda darasani. Siku ya kwanza alisema amechoka. Ya pili alisema kuna nguo nyingi za kupiga pasi. Nikamfuata uani, alikokuwa anaanika.

"Niambie ukweli," nilisema.

"Kichwa changu kizito, dada. Mpaka mwanangu ananicheka. Niache tu. Nimeishi miaka yote hii bila kusoma, sikufa."

Nilimwacha na nguo zake nikaingia sebuleni. Shemeji alikuwa amefungua redio na kutandaza vipande vyake mezani.

"Umemvunja moyo dada wa watu," nilimwambia. "Umeridhika?"

"Nimefanya nini?"

"Unauliza? Kijiko chako kimefanya nini?"

"Shemeji, mimi nilitaka ajue haraka. Ni kosa?"

"Ulitaka ajue au ulitaka akosee ili upate kazi ya kurekebisha?"

Aliweka bisibisi chini. Sasa na yeye alikasirika. "Mimi ndiye niliyemnunulia madaftari. Mimi ndiye ninayekaa naye kila jioni, na nimechoka kama yeye. Wewe unakaa hapo unanuna tu. Umemsaidia nini?"

Tulitupiana maneno hadi watoto wakatoroka chumbani. Katikati ya zogo hilo mlango uligongwa. Alikuwa mwalimu wa darasa la watu wazima, mama mmoja mrefu ambaye wanafunzi wake humwita Mwalimu Taratibu, kwa sababu ndilo neno lake.

"Nimemkosa mwanafunzi wangu," alisema. "Nimekuja kuuliza kama anaumwa."

Nilimwambia kila kitu. Habari za kijiko, za friji, za mtoto. Shemeji alijaribu kunikatiza, nikamkatiza yeye. Mdogo wangu aliingia na beseni tupu, akasimama ukutani.

Mwalimu alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akamgeukia shemeji.

"Fundi, friji ukilifungua kila dakika kuangalia kama limepoa, litapoa?"

"Haliwezi."

"Kwa nini?"

"Baridi yote inatoka."

"Basi ndicho ulichomfanyia mkeo. Kila anapoanza kupata maana, unamfungua. Mtu anayejifunza kusoma akikwama, nyamaza. Mpe nafasi aliangalie neno. Akikuuliza, mtajie, aendelee. Kosa dogo lisiloharibu maana liache lipite. Na maswali kama ya polisi achana nayo. Hadithi ikimchekesha, ujue ameielewa."

"Hadithi?" shemeji alishangaa. "Mwalimu, mtu mzima anapoteza muda kwa hadithi?"

"Wewe mpira unautazama kwa faida gani?"

Mimi nilicheka kwa nguvu, makusudi.

"Anayesoma kitu anachokipenda hasukumwi," mwalimu aliendelea. "Atakirudia mwenyewe, na kila akirudia macho yanazoea. Maelekezo ya friji atayasoma siku akinunua friji."

"Nilimwambia hivyo hivyo, mwalimu," nilidakia. "Mdogo wangu anataka vitabu vyepesi, vya watoto, aanze na-"

"Taratibu, dada." Mwalimu aliinua mkono. "Nimekaa hapa muda wote. Fundi amesema anachotaka yeye. Wewe umesema anachotaka mdogo wako. Yeye mwenyewe sijamsikia."

Nilihisi uso unapata moto. Lakini nilifunga mdomo.

"Mama," mwalimu alimuuliza mdogo wangu, "ulikuja darasani ili usome nini?"

Mdogo wangu aliliweka beseni chini.

"Kazini," alisema, "mchana tukipumzika, mwenzetu mmoja anatusomea kitabu. Kuna mwanamke ameolewa na mtu, kumbe moyo wake uko kwa mwingine. Huyo mwenzetu asipokuja kazini, hatujui kilichotokea. Mara nyingine anafunga kitabu mahali pabaya, makusudi, anatucheka. Mimi nataka nijue mwenyewe bila kumsubiri mtu."

"Kitabu cha mapenzi?" shemeji aliuliza.

"Ndiyo, cha mapenzi." Alimtazama mume wake usoni. Sijawahi kumwona akimtazama vile. "Na umenikera, baba watoto. Umenikera sana. Nilikuwa narudi kutoka darasani na furaha yangu, wewe unanipimia kwa kijiko mbele ya wanangu. Sisomi kwa ajili yako. Nasoma kwa ajili yangu."

Shemeji alisema polepole, "Sikujua imekuuma hivyo. Nisamehe."

"Nitaona," alijibu mdogo wangu.

Kesho yake alirudi darasani. Pale kuna kabati la vitabu vya kuazima. Alichagua mwenyewe kitabu chembamba cha mapenzi. Alikuwa akikisoma kibarazani akitoka kazini, miguu ameitumbukiza kwenye maji ya vuguvugu, kidole kikifuata mstari. Nilitamani kwenda kumsaidia. Nilijizuia, na kujizuia ni kazi ngumu kuliko kusuka. Siku nyingine nilimsikia anacheka peke yake. Siku nyingine alitupa kitabu mkekani akasema yule mwanamume hana haya hata kidogo. Kazini, msomaji wao alipougua, mdogo wangu ndiye aliyewasomea wenzake. Alisoma polepole, na hakuna aliyeinuka mpaka muda wa mapumziko ulipokwisha.

Watoto walianza kumsogelea kibarazani. "Mama, imekuwaje?" "Mama, tusomee na sisi." Akaazima kitabu cha hadithi za wanyama kwa ajili yao.

Jioni moja baada ya kula, wote tulikaa kibarazani kumsikiliza. Shemeji alikuja na kigoda chake.

"Naruhusiwa?" aliuliza.

"Kaa," mdogo wangu alisema. "Lakini ukinirekebisha nafunga kitabu, halafu wanao watakulilia wewe."

Alisoma. Fisi aliingia kwenye zizi, mlango ukajifunga nyuma yake. Watoto walisogea karibu. Palikuwa na neno refu mwisho wa mstari, mdogo wangu akalisoma vibaya. Nikaona midomo ya shemeji inacheza. Nilimkazia macho. Alishika magoti yake kwa mikono miwili, akanyamaza.

Mdogo wangu alisita. Kidole chake kilirudi nyuma. Alilitazama lile neno, akalisoma upya, sawasawa, kisha akaendelea na fisi wake.

"Kumbe angelipata mwenyewe," shemeji alininong'oneza.

Nilimwambia anyamaze, tunataka kusikia.