Gari la Ogwal Lapiga Hodi Makindye

Kavugho alimwona Ogwal kwa mara ya kwanza akisukuma gari la mbio katikati ya Nakivubo, suruali yake pana ikifagia njia, miwani ya jua imemshuka mpaka puani. Gari lilikuwa jekundu, la Kijapani, lenye injini ya rota, ile isiyo na pistoni. Likishapata moto, ukilizima, hukataa kuwaka mpaka lipoe. Ogwal alikuwa amelizima ili anunue chapati. Kavugho akaacha vitenge alivyokuwa akiuza, akaja kusukuma naye.

"Gari yako iko na kichwa ngumu," akamwambia.

"Inaona haya. Imeona mrembo."

"Basi iambie mrembo amechoka."

Tangu siku hiyo Ogwal, karani wa bima, hakula akashiba. Kila mchana alipiga simu kwenye duka la dawa jirani na kibanda cha Kavugho, na mwenye duka, aliyestahili kutangazwa mtakatifu, alikwenda kumwita. Waliitana sheri, yaani mpenzi, mpaka wateja wa dawa wakasahau maumivu yao. Hatimaye Kavugho akasema mama yake, Mama Perpétue, angempokea Jumapili baada ya misa, nyumbani Makindye, aje kuposa.

Hapo kijana akashukiwa na hekima. Aliona ni fedheha kwenda kuposa na gari lenye sauti ya cherehani. Baba yake huko Lira alikuwa amemtengea fahali wa mahari. Ogwal akaomba fahali auzwe. Fedha zote zikaenda kwa fundi Kakule, ambaye aliifungua injini, akayachimba matundu ya hewa na ya moshi mpaka yakapanuka, akafunga kabureta kubwa, akaitupa sailensa. Gari likapata nguvu za kutisha. Likanywa petroli kama harusi nzima, na kila Ogwal alipoinua mguu kutoka kwenye pedeli ya mafuta, lilitema moto nyuma.

Jumapili hiyo viti vilipangwa nje. Mama Perpétue alivaa kitenge kipya cha manjano. Ogwal akafika kwa kasi, akainua mguu ili aegeshe kwa madaha.

Pa! Pa-pa-pa!

Makindye ya miaka ile ya risasi za usiku, na kambi ya jeshi pale pale, ilijua la kufanya. Wajomba walikuwa chini kabla ya viti vyao. Padre aliingia chini ya meza ya wali. Mama Perpétue alikuwa mtaroni, kifudifudi, amemfunika bintiye kwa mwili wake.

Ogwal akashuka akitabasamu, funguo kidoleni. Tabasamu likakosa pa kwenda.

Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomchoma. Mama Perpétue aliinuka, tope kifuani, akaingia ndani. Kavugho akabaki.

"Namna hii Mama alinilalia kule kwetu Butembo, risasi zikilia, nikiwa mutoto," akasema taratibu. "Siku ile Papa yangu hakuamuka."

Ogwal alitaka kukimbia. Gari lilikuwa la moto, likakataa kuwaka. Akalisukuma mlima mzima mbele ya macho yao, na safari hii hakuna aliyemsaidia.

Simu zake zikamshinda hata yule mtakatifu wa dawa. "Anasema hayuko," alijibu. "Amesema nikwambie ni yeye amesema."

Kakule naye alicheka alipoombwa kuirudisha injini ilivyokuwa. Chuma alichokwisha kukichimba angekijaza na nini? Ogwal akaliuza gari kwa mtu wa Jinja, kwa hasara. Kwa fedha hizo fahali mwingine hakupatikana. Alipatikana ndama mwenye kikohozi.

Jumapili nyingine akapanda Makindye kwa miguu, amevaa suruali ile ile, akimvuta ndama. Hakubisha hodi. Alifika kwenye mtaro, akalala kifudifudi katika tope lile lile.

Mama Perpétue akatoka, akasimama kando ya mtaro.

"Analala mubaya," akamwambia bintiye. "Kisigino kiko juu. Wangempiga risasi." Akamkanyagia visigino chini, kimoja kimoja, bila haraka. Kavugho akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yakicheka.

"Mama," Ogwal akasema, mdomo umejaa tope, "nimekuja kumwomba Kavugho."

"Lala kwanza. Mimi niko nawaza."

Ndama akakohoa. Ogwal peke yake ndiye aliyeshtuka.