Sauti ya Baba Kutoka Mtamboni

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa simu. Tulimwita Injinia kwa kumkejeli, naye akadhani ni heshima. Haya yalipoanza alikuwa ofisini kwake, miguu juu ya meza, akitusimulia habari za viatu vyake vipya.

Baba yetu alikuwa mlinzi wa mtambo wa maji juu mlimani. Simu za mkononi hazishiki kule. Kuna waya mmoja tu, unaokatiza msituni hadi kwenye ofisi hiyo. Kila jioni mimi na dada tulikwenda pale kumjulia hali mzee. Sauti yake ilikuwa inafifia, na tulitaka kujua jambo moja tu: ni mzima, au tukamchukue?

"Kufifia si neno, wanangu," alinong'ona jioni ile. "Njia ndefu. Lakini kuna kingine kinaongezeka humu. Mnakisikia?"

Tulikisikia. Mkwaruzo, kama mtu anayeburuta gunia.

"Kelele za kawaida hizo," Injinia akasema. "Nitafunga kikuza sauti kwenye waya."

"Kifunge huku kwangu, mkwe wangu," baba akasihi. "Sauti yangu iondoke na nguvu kabla hicho hakijaingia. Ukikifunga huko, utakikuza na hicho kinachokwaruza."

Fundi yeyote analijua hilo. Hata Injinia alilijua. Ila mlima ni mkali, na viatu vilikuwa vipya. Alikifunga palepale mezani, akakiunganisha na spika, akavuta kiti akae asifiwe.

Jioni iliyofuata spika ilijaa mkwaruzo. Ndani yake, mbali mno, baba alikuwa anaita. Kisha kukawa kimya. Halafu ikatoka sauti kubwa, safi, ya baba kabisa.

"Mimi mzima. Msije."

"Mmeona?" Injinia akajipiga kifua. Dada alilia kwa furaha. Mimi sikuamini, kwa sababu baba hajawahi kutukataza kwenda kwake.

Asubuhi nilipanda peke yangu. Nilimkuta kitandani, amekonda, lakini hai. Alinitambua. Akafungua mdomo. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Nikatoka nje kutazama waya. Ulikuwa umekatika karibu na mlango, na kati ya ncha zake mbili mti ulikuwa umeota hadi kunipita kimo.

Nilimshusha mzee moja kwa moja hadi ofisini. Dada aliinuka kumkumbatia.

Spika ikakwaruza.

"Mwanangu," ikasema kwa sauti ya baba, "huyo mliyemleta ni nani?"

Mzee akatikisa kichwa. Akajigusa kifuani. Midomo yake ikaita jina la dada, bila sauti. Machozi yakamtoka.

Dada akarudi nyuma.

Mwanamume mwenye akili angeing'oa ile spika akaitupa chooni. Injinia alimtazama mzee, akaitazama spika yake, akachagua chenye kelele. Ndivyo anavyochagua kila kitu, bwege yule.

"Mtoe huyu mtu hapa," akaniambia.

Nikampeleka baba nyumbani kwangu. Alikula, akalala, akanishika mkono. Dada hakuja hata mara moja. Kila jioni alikaa mbele ya spika na mumewe. Mama anayefagia ile ofisi aliniambia kwamba siku hizi sauti inauliza jambo moja tu: yule mzee analala chumba gani?

Jana dada alijibu.

Leo asubuhi nimekuta vumbi la kijani, kama kutu ya shaba, dirishani kwa baba. Limeshuka ukutani. Limepita sakafuni. Limepanda kitanda hadi kwenye mto.

Baba alikuwa ameketi, ananitazama.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Sauti kubwa. Safi. Na midomo yake ilikuwa imefumbwa.