Jina la Ndizeye Ndani ya Mashini

Kila alipotoka shuleni, Uwineza alipitia kwenye chumba cha mchezo cha Papa Ntabaza, pale Kamembe, mji wa Rwanda kando ya ziwa Kivu, kabla ya kwenda nyumbani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwepesi wa mikono. Alifagia chumba na kufuta kioo cha mashini ya mchezo, na Jumamosi alifungua mlango wake wa nyuma akapuliza vumbi. Ujira wake ulikuwa kucheza mara moja. Lakini mwaka huo wa 1999 hakucheza. Alikaa tu mbele ya kioo akingoja orodha ya washindi ipite.

Mashini yenyewe ilikuwa sanduku la mbao, refu kumshinda mtu mzima, lenye mikono miwili ya kuendeshea. Papa Ntabaza aliinunua kwenye baa moja ya Bukavu, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, akaivusha daraja la Rusizi kwa mkokoteni siku aliporudi nchini na jamaa zake. Ndani ya kioo, vijitu viwili, chekundu na cha buluu, vilipanda ghorofa vikikimbizwa na mbwa. Kila ghorofa ilikuwa na mlango ambao haukufunguka mpaka vyote viwili visimame mbele yake.

Uwineza aliendesha cha buluu, na kaka yake Ndizeye chekundu. Walifika ghorofa ya ishirini na nne, ambako hakuna mwingine aliyewahi kufika, na herufi zao zikakaa juu kabisa: NDI na UWI. Kisha, Julai ya mwaka uliopita, Ndizeye akavuka kwenda Bukavu kumuuguza nyanya yao. Agosti vita vikaanza ng'ambo, na tangu hapo hawakupata habari yake. Mchana Uwineza aliona mabati ya Bukavu yakimetameta upande wa pili wa ziwa, karibu kama kwa jirani, asijue kama kaka yake yuko chini ya mojawapo. Alichokuwa nacho ni zile herufi tatu.

Jumamosi moja alifungua mlango wa nyuma. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imetoka maji ya kijani, nayo yalitambaa juu ya nyaya. Fundi Hitimana, aliyekuwa akiitengeneza mashini hiyo, alikwisha kumfundisha: betri hiyo ndiyo inayotunza majina umeme unapokatika, na ikivuja aitwe mara moja, kwa maana maji yake hula shaba. "Lakini nikiitoa," fundi alikuwa amemwambia, "majina yote yanaenda."

"Ndani kukoje?" Papa Ntabaza aliuliza kutoka barazani.

"Ni safi, Papa," akajibu, akakaza skrubu.

Wiki tatu baadaye, Bella, aliyesoma naye darasa moja, alikuwa akicheza na chupa ya soda miguuni pake. Kijitu chekundu kiliganda. Kioo kikajaa mistari, kisha kikawa cheusi.

"Umeimwagia soda," Papa Ntabaza alisema.

"Sijamwaga, Papa. Chupa hii hapa, imejaa."

"Batoto ba leo, muntu anadanganya na chupa iko mbele yake. Rudi kwenu. Nitaongea na maman yako. Hapa usikanyage tena."

Bella alimgeukia Uwineza, aliyekuwa akifagia kando. "Weye ulikuwa hapa. Sema basi. Ao macho yako ni ya kuangalia kioo tu?"

Uwineza aliinamia ufagio. Bella akatoka analia, soda akaiacha.

Siku hiyohiyo Fundi Hitimana aliitwa, akafika na bisibisi zake. Uwineza alisimama kati yake na mlango wa mashini, kilio cha Bella kingali masikioni mwake.

"Bella hana kosa, Papa," akasema. "Betri inavuja wiki tatu sasa. Niliiona, nikanyamaza. Sikutaka jina la Ndizeye lifutike."

Papa Ntabaza aliitazama ile chupa iliyoachwa. Fundi alifungua. Aliitoa betri, akasugua ukijani kwa maji ya ndimu na mswaki mkuukuu, kisha akaunganisha kwa waya mwembamba pale shaba ilipolika. Jioni kioo kiliwaka. Mahali pa majina palikuwa na vistari vitupu, kumi, kimoja chini ya kingine. Uwineza alivitazama mpaka vikapita.

"Ungeniita siku ile, ningemaliza kwa dakika kumi," fundi alisema. "Na jina lake ungeliandika kwenye daftari lako."

"Chukua hiyo soda," Papa Ntabaza alimwambia Uwineza. "Twende kwa kina Bella sote wawili. Mimi nilimsingizia, weye ukanyamaza."

Njiani Papa Ntabaza alimuuliza, "Kaka yako umemwandikia?"

"Barua zitapita wapi, Papa?"

"Msalaba Mwekundu wanapokea karatasi za habari za jamaa, wanazivusha. Hamkujua? Jumatatu tutakwenda na maman yako. Andika kwamba mko wazima, uulize kama nao ni wazima."

Walikuwa wamefika kwenye ua wa kina Bella. Papa Ntabaza alisimama kabla ya kubisha.

"Sikiliza, mwanangu. Kumtamani ndugu yako si kosa. Kosa ni kuficha ubovu ili ubaki na kitu unachokipenda. Ubovu haukungoji. Ulikula mashini, ukala jina lenyewe, ukafika mpaka kwa mtoto wa watu. Ukiona kitu kinaharibika, kiseme siku hiyohiyo, hata kama kukisema kunakuuma."

"Ndiyo, Papa."

"Haya. Bisha weye, uanze kusema."

Uwineza akabisha.